Saiklokrosi ya mwalimu: lami ya Pongwe, mchanga wa Tongoni, mlima wa Amani

Baiskeli ninayoieleza hapa ni saiklokrosi ya chuma, ya mtumba, ya kizazi cha kabla ya breki za diski. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, anakaa Makorora, hapa Tanga. Siku za kazi anakwenda kufundisha upande wa Pongwe, lami mwanzo mwisho ukiondoa kichochoro cha nyumbani kwake. Jumamosi anashika barabara ya Pangani kwenda shambani, mbele kidogo ya Tongoni, na pale anapoiacha barabara kuu ni mchanga mpaka kwenye minazi yake. Likizo ikifika anapanda kwa wazee wake, kijiji kilicho juu ya Sigi kuelekea Amani. Alitaka baiskeli moja ya kumtosha njia zote tatu, na aliyemuuzia alimwambia hii itamtosha.

Alimwambia kweli. Lakini siku ilipoletwa karakanani kwangu ilikuwa haimtoshi hata njia moja. Tairi jipya la nyuma lilikuwa linachomoka kwenye ringi. Magoti yalikuwa yanamuuma kila akirudi kutoka mlimani. Na breki ya mbele ilikuwa inautetemesha usukani kiasi kwamba alishaacha kuigusa, anashuka milima kwa breki ya nyuma peke yake. Alikuwa ameshashauriwa aiuze anunue ya mlimani. Nimeamua kukieleza kisa chake kirefu kwa sababu baiskeli za aina hii zinazidi kuonekana Tanga, na nyingi zinaishia kutundikwa ukutani kwa matatizo haya haya, ambayo yote yanatibika hapa hapa mjini.

Kwanza ieleweke ilitengenezwa kwa kazi gani. Saiklokrosi ni mchezo uliokulia Ufaransa. Ubingwa wa kwanza wa taifa hilo ulichezwa 1902, na ubingwa wa dunia ukaanza Paris 1950. Leo wenye mchezo hasa ni Wabelgiji na Waholanzi, na msimu wake ni wakati wa baridi. Ni mizunguko mifupi kwenye matope, mchanga na nyasi, yenye vizuizi vya kumlazimisha mwendeshaji aruke chini, aibebe baiskeli begani, akimbie nayo, kisha arukie tena kitini. Kwa hiyo fremu yake inafanana na ya resi, ila ina nafasi pana kwenye foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na nyuma ya ekseli ya pedeli ili tope lipite lisigande. Waya za breki na gia zimepitishwa juu ya bomba la juu, mbali na tope na mbali na bega. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliruhusu breki za diski kwenye mchezo huu kuanzia 2010 tu, ndiyo maana hizi za zamani tunazozipata kwenye mitumba zina breki za kantileva, yaani mikono miwili mifupi iliyosimama pande mbili za foku, inayovutwa na waya mmoja kutoka juu.

Hiyo nafasi pana ndiyo mali ya baiskeli hii. Sheria ya mashindano inataka tairi lisizidi upana wa milimita 33, lakini fremu yenyewe mara nyingi inakubali zaidi. Kabla sijafungua nati hata moja nilipima: nyuma ya ekseli ya pedeli milimita 50, kwenye shingo ya foku 52. Tairi la milimita 40 lingeacha milimita 5 kila upande. Hapo nilijua kwamba baiskeli inaweza kujengwa upya, na kwamba kazi yote ianzie kwenye tairi.

Tairi la 28 na 28 nyingine

Tanga ni mji wa baiskeli, na nyingi ni Phoenix na Hero za 28. Nenda Ngamiani, barabara yoyote yenye fundi chini ya mti, omba tairi la 28, utapewa bila kuulizwa swali. Hilo ni 28 x 1½, na kipenyo cha ringi yake, pale ukingo wa tairi unapokaa, ni milimita 635. Ringi ya saiklokrosi ni milimita 622. Bahati mbaya kuna matairi ya 622 nayo yameandikwa 28, ila sehemu inayofuata namba hiyo, kama ile 1½, ni tofauti. Mwalimu aliomba 28, akapewa 28, na hakuna aliyemdanganya mwenziwe.

Tofauti ya milimita 13 inatosha kumwangusha mtu. Nilipomuuliza tairi lilivyoingia alisema liliingia kwa mkono, hata kijiko cha kupachikia tairi hakikutumika. Hiyo peke yake ni dalili mbaya, kwani tairi la saizi yake hukupa kazi kidogo mwishoni. Lile lake lilikaa limelegea, likijazwa upepo linapanda upande mmoja na kuzama upande wa pili, na tyubu inachungulia kwenye uwazi mpaka inapasuka. Alishapoteza tyubu kadhaa akidhani ni mbovu.

Namba ya kusoma imechongwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo: mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kama 40-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi. Hiyo ya pili ikilingana na ya ringi yako, mengine yote yanazungumzika. Na hapa pana habari njema kwa wenye saiklokrosi: 622 ndiyo hiyo hiyo inayoitwa 700C kwenye baiskeli za resi, na ndiyo hiyo hiyo ya baiskeli za mlimani za 29. Ringi ni moja. Tairi la 29 lingekaa vizuri kwenye ringi ya mwalimu, ila lingekwama kwenye fremu kwa unene. Na tyubu ya 28 ya Phoenix, ingawa tairi lake halikai, yenyewe inafaa kabisa ndani ya tairi la 622, maana mpira unavutika na kufuata umbo. Kwa hiyo mwalimu akipata pancha Muheza saa kumi na moja jioni, tyubu ya kumfikisha ipo duka lolote.

Tulitafuta matairi ya 40-622 kwenye mitumba ya baiskeli za mjini za Ulaya. Yana mstari karibu laini katikati na meno mafupi pembeni. Kwenye lami yanateleza kwa wepesi, na kwenye udongo yale meno ya pembeni yanashika ukilala kona. Mwalimu alitaka yenye meno marefu kote, kwa kuogopa mlima. Nilimkatalia. Njia yake ya kila siku ni lami, na tairi la meno marefu lingemla nguvu siku tano za juma ili limsaidie siku chache za likizo.

Kikabaki kitundu cha valvu. Ringi za resi zina kitundu chembamba, milimita 6.5, kwa ile valvu nyembamba ndefu ambayo ni adimu kwetu. Tyubu za dukani zinataka milimita 8.5. Nilikitanua kwa drili, taratibu, kutokea upande wa ndani, ringi ikiwa imefungwa isicheze. Kutoboa ni dakika mbili. Kazi iko kwenye kulainisha. Aluminiamu ikitobolewa inaacha mdomo mkali usiouona kwa macho, nao hukata shina la valvu polepole mpaka tyubu inakatika ikiwa na wiki chache. Nilizungusha tupa ya mviringo pande zote mbili, kisha nikapitisha pamba kwenye tundu. Ilipitia ikaacha uzi. Nikarudia tupa, nikapitisha pamba nyingine, ikatoka nzima. Nafanya hivyo kwa kila ringi ninayoitanua, na sijaona kipimo kinachoshinda pamba. Ringi hii ilikuwa na upana wa kutosha. Zile nyembamba sana za resi mimi sizitoboi.

Hesabu ya mlima

Mbele ilikuja na sproketi mbili, meno 46 na 36. Nyuma, kaseti (rundo la sproketi za gurudumu la nyuma) ya gia 9 kuanzia meno 12 mpaka 25. Gia nyepesi kabisa, 36 kwa 25, inaisogeza baiskeli karibu mita 3 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kwa mashindano inatosha: vilima vyao ni vifupi, na kikizidi ukali mchezaji anashuka anakimbia. Kupanda Amani ni habari nyingine. Sigi iko takribani mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani karibu 900, njia ni ya udongo na mawe, kona juu ya kona. Mtu wa kawaida mwenye mzigo kidogo hupanda pale kwa kilomita 6 hivi kwa saa, sawa na mita 100 kwa dakika. Gawa mita 100 kwa mita 3: pedeli inazunguka mara 33 kwa dakika. Mwendo huo ni wa kusukuma kwa uzito wote, na kinachobeba ni goti.

"Fundi, si niongeze mazoezi tu?" aliniuliza.

"Mazoezi utayapata njiani, Mwalimu. Goti ukiliharibu huliongezi."

Nina msimamo mkali kwenye jambo hili. Watu wakinunua baiskeli huuliza ina gia ngapi, na karibu hakuna anayeuliza ile ya chini kabisa inasogea mita ngapi. Gia 18 zilizosongamana kwenye mwendo wa kasi hazimsaidii anayeishi juu ya Sigi.

Nilitoa krenki ya zamani, yaani mikono ya pedeli na sproketi zake, nikaweka ya baiskeli ya safari iliyokuwa na sproketi tatu, 48, 38 na 28. Nilichagua ambayo sproketi zake zimefungwa kwa nati, maana zile zilizopigwa ribiti huwezi kuzitenganisha. Ya 48 nikaitoa kabisa, mahali pake nikaweka washa ili nati zikaze. Zikabaki 38 na 28. Nyuma nikaweka kaseti ya meno 11 mpaka 34. Gia ya chini sasa ni 28 kwa 34, na kwa tairi la 40 inasogea kama mita 1.8. Kwa ile ile kilomita 6 kwa saa pedeli inazunguka mara 55, mwendo ambao mguu unaweza kuuvumilia saa nzima. Juu, 38 kwa 11, akizungusha mara 80 kwa dakika anakwenda kilomita 36 kwa saa. Hiyo kwa barabara ya Pongwe ni ziada.

Kihamisha gia cha nyuma cha resi hakiwezi kufikia meno 34, kwa hiyo kikaja cha baiskeli ya mlimani chenye mkono mrefu. Wengi hukwama hapa. Vishikio vya usukani vya kubadilishia gia, vya Shimano vya resi vya gia 9, vinaelewana na kihamisha gia cha mlimani, mradi nacho kiwe cha gia 9 au za nyuma yake. Cha mlimani cha gia 10 kimebadilishwa uwiano wa kuvuta waya. Ukikifunga na vishikio hivi, gia zitakuwa zinarukaruka na hutaweza kuziweka sawa hata ukikesha. Cheni ikabadilishwa yote. Ekseli ya pedeli nikachagua fupi kidogo ili sproketi mbili zilizobaki zikae katikati ya mstari wa kaseti, nikahakikisha ile ya 28 haigusi fremu. Uwazi wake ni milimita 3. Ni mdogo lakini unatosha.

Breki iliyotetemeka

Nilianza na rahisi: beringi za usukani. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, weka kidole pale foku inapoingia kwenye fremu. Kukiwa na mchezo, kidole kitausikia. Hazikuwa zimelegea. Kisha mipira ya breki: nikaigeuza kidogo ncha ya mbele iguse ringi kabla ya ncha ya nyuma, tofauti ya kama milimita moja. Mlio ulipungua, mtetemo ukabaki.

Chanzo chake kiko kwenye umbo la breki zenyewe. Waya wa kantileva ya mbele unashikiliwa na kikono kilichofungwa juu, usawa wa shingo ya usukani, halafu unashuka mpaka kwenye breki iliyo kwenye foku. Ukishika breki kwa nguvu, foku inapinda kidogo kurudi nyuma. Ikipinda, umbali kati ya kile kikono cha juu na breki unaongezeka, waya unakazwa zaidi bila mkono wako kufanya lolote, breki inang'ata. Ringi inashinda, foku inarudi mbele, waya unalegea, kisha mchezo unaanza upya, mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo huo mtetemo. Fundi anaweza kubadilisha mipira, ringi na waya asifike popote, maana kosa liko kwenye mahali waya uliposhikiliwa.

Dawa ni kukishusha kile kikono kikakae kwenye shingo ya foku, chini ya beringi, kiende na foku kokote inakokwenda. Vipo vya kununua huko nje, Tanga sikukipata. Nikaenda kwa mzee mmoja mchomeleaji wa Ngamiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea nini?"

Nilimwonyesha tundu la milimita 6 lililopo mbele ya shingo ya foku, la kufungia madigadi. Akaangalia waya unavyokuja, akaangalia mikono ya breki, akauliza swali moja tu: waya unavutwa kwenda juu au chini? Kisha akakata bapa la chuma la milimita 3, akalikunja herufi L, akatoboa tundu la boliti chini na la waya juu. Kabla hajaniachia alilipiga kona zake zote tupa, maana alisema siku moja litamchana mtu mguu. Limefungwa kwa boliti na nati ya kujikaza. Mtetemo umekwisha, kabisa.

Waya mfupi unaounganisha mikono miwili ya breki nao nikaushusha. Kadiri unavyokaa chini karibu na tairi, ndivyo mkono wa breki unavyopata nguvu zaidi kwa nguvu ndogo ya vidole. Ukiushusha mno, tope na madigadi vinaugusa, na mipira inabidi ikae karibu sana na ringi. Nikaacha uwazi wa vidole viwili juu ya tairi. Kuna waliomshauri aweke breki ndefu za V za baiskeli za mlimani. Zile zinataka waya uvutwe mwingi, na vishikio vya usukani wa resi vinavuta kidogo. Kishikio kinafika kwenye usukani kabla breki haijashika. Kwa mtu anayeshuka kutoka Amani hilo sikulikubali.

Keria, kiti, na chumvi ya bahari

Haya nayapita haraka. Keria ilitengenezwa kwa nondo nyembamba na kufungwa kwa klipu, kwa sababu fremu haikuwa na matundu ya juu. Madaftari ya darasa moja na nguo za siku chache inabeba. Gunia la mkaa haibebi, nami nilimwambia mwalimu wazi: mkia wa fremu hii ni mfupi kuliko wa Phoenix, mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Kilo 15 ndiyo mwisho niliompa. Nazi za kuuza zinakuja kwa bodaboda.

Shingo ya usukani nikaweka fupi kwenda mbele na ndefu kwenda juu, kwa sababu baiskeli ya mashindano humlaza mtu mbele mno, na mwalimu ana safari za saa mbili tatu. Kwa kuwa tairi limenenepa, nikaangalia kama kidole cha mguu kinagusa gurudumu la mbele pedeli ikiwa mbele na usukani umekatwa. Kinagusa kidogo. Kwenye mwendo hutakaa ukate usukani kiasi hicho, lakini kwenye mchanga, ukienda polepole na kugeuka ghafla, inawezekana kabisa ukajifunga mwenyewe. Aliambiwa na anajua.

Nguzo ya kiti na shingo ya usukani ni aluminiamu ndani ya chuma. Kwa hewa ya chumvi ya huku, metali mbili hizi zikikaa bila grisi zinashikana mpaka utakata kwa msumeno. Zitolewe, zipakwe grisi, zirudishwe, kila baada ya masika na kila baada ya vuli. Ndani ya mabomba nilimimina oili nyepesi ya injini, nikaigeuzageuza fremu ienee, iliyobaki ikatokea kwenye tundu la chini ya ekseli ya pedeli. Hilo tundu lisizibwe kamwe. Ndiyo njia pekee ya maji ya mvua kutoka.

Kuiendesha

Mwalimu ana kilo 70 na ushee. Kwenye lami tulianza na upepo wa psi 50 nyuma na 45 mbele. Pongwe anafika akiwa mkavu kuliko zamani, na sehemu kubwa ya hiyo ni matairi ya saizi sahihi, yaliyojaa sawasawa.

Mchanga wa shambani ndio uliotusumbua kujifunza. Alikuwa anaingia kwa upepo ule ule wa lami, gia nzito, macho chini kwenye gurudumu. Tairi gumu linachimba mfereji, mfereji unaukamata usukani, anaukata kujiokoa, anaanguka. Tukashusha upepo mpaka 30 nyuma na 25 mbele. Chini ya hapo, jiwe la matumbawe lililojificha litaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Gia nyepesi ichaguliwe kabla ya kuingia, wakati cheni bado haina mzigo. Uzito urudi nyuma kwenye kiti, mikono ilegee, macho yaangalie mita 10 mbele, miguu isiache kuzunguka hata kidogo. Gurudumu la mbele litatangatanga, liache litangetange. Anayelishika kwa nguvu ndiye anayeanguka.

Na pale baiskeli inapokataa, ashuke mapema ingali na mwendo. Huu ndio ufundi wa saiklokrosi ambao watu wa huku wangenufaika nao sana, hata wenye Phoenix. Mguu wa kulia unapita nyuma ya kiti na kuja upande wa kushoto, mtu anasimama sekunde moja kwenye pedeli ya kushoto, kisha anakanyaga ardhi akiwa tayari anatembea. Baiskeli haisimami. Anayengoja mpaka ikwame inambidi ainyanyue kutoka kwenye shimo alilolichimba mwenyewe. Kuibeba begani kwa mtindo wa wachezaji, mkono ukipita chini ya bomba la mbele, lile linaloshuka kwenye pedeli, na kushika usukani, kunawezekana keria ikiwa tupu tu. Chupa ya maji ya kwenye bomba la kiti tuliihamishia bomba la mbele ili bega lipate nafasi.

Mlima umempokea vizuri. Alipanda kutoka Sigi bila kushuka isipokuwa kwenye kona mbili za mawe yaliyolegea, na kesho yake akaniandikia kwamba magoti hayana habari. Upepo alitumia 38 nyuma na 35 mbele. Mteremko ndio niliokuwa na wasiwasi nao zaidi, kwa sababu breki za ringi zinapasha moto ringi na tairi. Nilimfundisha ashike kwa nguvu kabla ya kona, aachie kwenye kona, na asiburuze breki kutoka juu mpaka chini. Akisikia mkwaruzo kama wa mchanga kwenye kioo, asimame, atoe mipira, achomoe kwa pini vipande vya aluminiamu vilivyojichomeka, kwani vikiachwa vinaikwangua ringi mpaka inakuwa nyembamba.

Mvua ikishanyesha ule udongo mwekundu unajaa. Milimita 5 kila upande zilionekana nyingi siku nilipopima kwangu. Kwenye utelezi wa masika zinaziba, na kantileva ndiyo inayoziba kwanza. Nimemwambia angoje njia ikauke nusu siku kabla ya kupanda, au aweke tairi la 35 miezi ya mvua apate nafasi zaidi. Hajaamua. Mimi ningeweka la 35 mbele na kuacha 40 nyuma kunakobeba mzigo.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni cheni. Za gia 9 haziko kila duka kama zile pana za Phoenix, na mchanga wa shambani unaila haraka. Anabeba kipande cha viungo vinne na kile chombo kidogo cha kutolea pini, na nimempa kipimo: viungo 12 kamili (kila kimoja ni cha nje na cha ndani pamoja), pini hadi pini, viwe inchi 12, vikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni itoke kabla haijaanza kuyala meno ya kaseti. Kaseti ya 11 mpaka 34 ya gia 9 ikiisha ni safari ya Dar es Salaam, na ndiyo sababu ameshaweka kaseti ya pili kabatini.